Injini Iko Mombasa

Siku ya Jumatano, mwezi wa Juni mwaka wa tisini na nane, fundi Tobias alichuchumaa mbele ya Pijo nyeupe ya Bibi Mwanaima pale Bodo, akafungua daftari la shule na kuandika juu kabisa: INJINI. Akapiga mistari miwili chini ya neno hilo, akitumia spana badala ya rula.

Bibi Mwanaima alikuwa kibarazani anakuna nazi.

"Soma," alisema.

"Bado sijaandika kitu, mama."

"Mistari miwili yote hiyo, na bado si kitu?"

Tobias akacheka. Alikuwa mtu wa bara, wa kutoka Homa Bay, lakini alikuwa amekaa pwani miaka kumi na minne na gereji yake ilikuwa Ukunda. Alikuja kwa baiskeli, na kabla ya kugusa gari alikuwa amemsalimia kila mtu wa nyumba ile, hata mtoto wa jirani aliyekuwa akichezea kifuu. Bibi Mwanaima huyaona mambo kama hayo.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 ya milango mitano. Marehemu mumewe, Chirau, alilinunua mwaka wa sabini na nne kwa Mhindi muuza vitambaa wa Msambweni aliyekuwa anahama. Chirau alilitaka la kubebea nazi. Wiki ya kwanza likabeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na tangu hapo nazi zikawa zinangoja. Godoro lilitandikwa nyuma na halikutolewa tena. Hakuna aliyetozwa nauli. Mwenye uwezo alileta petroli kwenye dumu, asiye na uwezo alileta mkono wa ndizi, na asiye na ndizi alishukuru. Watoto waliozaliwa hospitalini Msambweni kwa gari lile walipita mia mbili. Watatu waliitwa Pijo, mmoja wao msichana.

Wanawake ambao hawakufika walikuwa kumi na mmoja. Hao Bibi Mwanaima hakuwasema, lakini hesabu yao alikuwa nayo. Wa saba wao alikuwa Mwanasha, binti yake, mwaka wa tisini na moja. Wa kumi alikuwa Immaculate, mke wa Tobias, aliyefariki karibu na njia panda mwaka wa tisini na sita, wakati Tobias alipokuwa amepanga chumba hapo Bodo. Dzombo, mtoto wa Bibi Mwanaima, ndiye aliyekuwa dereva siku ile, na alikataa hata pesa ya petroli. Kwa sababu hiyo, Tobias alipofika kwenye mstari wa "Kazi ya fundi" aliandika sifuri, akaizungushia duara ili mtu asidhani amesahau.

Injini ya zamani iliuawa na mvua za Elinino. Mwezi wa Novemba Dzombo alikuwa akimpeleka mkewe mwenyewe, Sidi, wakaingia kwenye kijito kilichokuwa kimegeuka mto. Injini ikanywa maji na vyuma vya ndani vikapinda. Wakakaa majini tangu asubuhi hadi alasiri. Sidi alipona. Mtoto hakupona. Sasa Sidi alikuwa na mimba nyingine, ya miezi sita, na Bibi Mwanaima alikuwa ameapa kwamba barabara ile haitachukua mtu mwingine wa nyumba yake.

"Kuna injini ya Toyota pale Mombasa, imetoka Japani," Tobias alisema. "Elfu kumi na nane tu. Safi kabisa. Lakini hii rahisi ina maneno, mama. Ukileta Toyota, giaboksi ya Pijo inaikataa. Unanunua giaboksi ya Toyota. Ikiingia, shafti ya nyuma inakuwa fupi. Unachomelea shafti. Ukimaliza, viti vya injini havifikiani na chesisi. Unachomelea tena."

"Umeoa kwa mahari nafuu, kumbe ukoo mzima unakuja kula kwako."

"Hapo umemaliza, mama. Sasa kuna ya 504. Hiyo ni ndugu ya hii, nyumba moja. Inakaa palepale, inashika giaboksi ileile. Lakini elfu ishirini na nane."

"Andika ya ndugu."

Akaandika. Raba za kukalia injini, elfu moja na mia mbili. Klachi, elfu mbili na mia nne. Mipira ya maji, mia sita. Oili, mia tisa. Kuziba redieta, mia nane. Lori la kuileta, pamoja na feri ya Likoni, elfu moja na mia tano. Bibi Mwanaima aliacha nazi, akaja kusoma kwa kidole. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mitano, katika darasa la ngumbaru, na hakupenda kuruka neno.

"Na hii dharura, elfu tatu na mia sita? Dharura ya nini?"

"Ya kitu ambacho hatujakijua."

"Basi andika hivyo, nisije nikasahau."

Tobias akafuta "Dharura" na kuandika: Kitu ambacho hatujakijua, 3,600. Jumla ikawa elfu thelathini na tisa. Muuzaji wa Mombasa alikubali kupunguza elfu sita kama wangempa injini ya zamani, lakini alitaka kuiona kwanza. Ndiyo maana injini ilitolewa kabla pesa hazijatimia. Tobias aliona ni busara, na Bibi Mwanaima aliona ni busara. Wakasimamisha magogo manne ya mkoko, wakafunga mnyororo, wanaume watano wakavuta. Dereva wa lori la makuti aliichukua bure hadi Mombasa na akaifunga kwa kamba yake mwenyewe. Ikarudi stakabadhi ya elfu sita. Ndani ya boneti pakabaki shimo, na kuku mwekundu akaingia humo kutaga.

Hadi mwezi wa Agosti walikuwa na elfu ishirini na moja na mia nne. Dzombo alikuwa mtunza bustani hotelini Diani, lakini wageni walikuwa wameadimika tangu mwaka uliopita na alikuwa akilipwa nusu. Nazi ziliuzwa, mbuzi wawili wakauzwa. Majirani walichanga sarafu kwenye kopo la maziwa. Bibi Mwanaima alikwenda pia kwenye ile ofisi inayogawa magari ya wagonjwa. Karani alimpa kiti, akafungua faili na kumwonyesha: Bodo ilikuwa ya nne kwenye orodha.

"Mwaka wa themanini na tisa nilipokuja ilikuwa ya nne," alisema Bibi Mwanaima.

"Basi haijarudi nyuma," karani alisema kwa upole.

Uchungu ulimshika Sidi siku ya Alhamisi, tarehe ishirini Agosti, saa tatu kasoro asubuhi, wiki tano kabla ya siku yake. Dzombo alikuwa Diani. Tobias alikuwepo, kwa kuwa alikuwa ameleta zile raba za kukalia injini. Bibi Mwanaima alimwambia apande baiskeli akatafute gari barabara kuu. Wakati huo huo Sidi alisema anataka kulala kwenye godoro la Pijo, kwa kuwa chumbani kulikuwa na joto. Wakamlaza. Bibi Mwanaima akaingia akaketi kichwani pake, akafunga mlango wa nyuma, na gari likaondoka.

Lilianza polepole. Tobias alikuwa na mguu mmoja kwenye baiskeli. Aliiacha ianguke, akakimbia, akafungua mlango wa dereva, akaingia na kushika usukani kwa sababu mbele kulikuwa na mnazi.

"Mama, umeachia breki ya mkono?"

"Mimi nimeshika mkono wa Sidi."

Tobias aliangalia gia ikiwa huru, na sindano ya joto ikiwa chini. Akatia kichwa nje. Nyuma hapakuwa na mtu. Akakunja kona ya msikiti, na wazee waliokuwa barazani wakasimama, kwa sababu gari lile walilisimamia kila lilipopita na mwenye uchungu.

Mwendo haukuwa wa injini. Gari lilikwenda kwa mwendo wa watu wengi wanaokimbia taratibu, likipungua kidogo kila baada ya hatua kadhaa kisha likikazana tena pamoja. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya tope la mikoko. Bibi Mwanaima alisikia pumzi. Ziliingia na kutoka nyuma ya kioo, karibu na kichwa chake, na penye mchanga mzito zikawa na ile sauti ndogo ya kooni ambayo wanawake wa Bodo hutoa wakitafuta chaza mikokoni, wakichomoa mguu kwenye tope: hee, hee, hee. Hakugeuka. Aliona kwamba kumtazama mtu anayesukuma, bila kumsaidia, si adabu.

"Bibi," alisema Sidi, "nani hao?"

"Watu wema. Pumua nao."

Sidi akapumua nao. Wakipumzika alipumzika, wakikaza alikaza meno. Hivyo walikwenda mpaka pale barabara inapopita juu ya mawe ya matumbawe, yenye ncha kama meno ya papa, ambapo hata magurudumu hulia. Pale pumzi zilikatika na kuwa fupi fupi. Gari likasimama kidogo. Bibi Mwanaima alisikia mtu akivuta hewa kwa maumivu, "Sss!", kisha gari likaenda.

Barabara kuu palikuwa na polisi na kizuizi. Askari alimwomba Tobias leseni, akaisoma. Akaomba kuona boneti. Tobias akafungua, na yule kuku mwekundu akamtazama askari.

"Injini iko wapi?"

"Injini iko Mombasa, afande."

Askari akazunguka ubavuni. Akamtazama Sidi kupitia dirishani, akavua kofia.

"Injini iko Mombasa na mgonjwa yuko hapa," alisema. "Mimi nashughulika na walioko hapa. Endeleeni." Akafunga boneti kwa mikono miwili, bila kishindo, asimshtue kuku. Kisha akakimbia mbele kuondoa mbao ya pili ya misumari ili gari lisilazimike kusimama tena.

Kwenye lami gari lilikwenda vizuri zaidi. Malori yalipunguza mwendo na kupita mbali. Palipokuwa na mlima lilipanda bila kurudi nyuma hata hatua moja. Safari ambayo Pijo ikiwa na injini ilikuwa ya dakika arobaini, siku hiyo ilichukua zaidi ya saa tatu. Walifika hospitalini saa sita na robo. Muuguzi aliyempokea Sidi aliweka kiganja tumboni na kusema hakuna wakati wa kujaza fomu, tutajaza baadaye. Saa saba na dakika ishirini akazaliwa msichana mdogo mwenye sauti kubwa. Walimwita Mwanasha.

Bibi Mwanaima alilala hospitalini kwenye kiti alicholetewa na yule muuguzi. Ijumaa asubuhi alipanda gari la abiria hadi njia panda, akashuka, akaanza kutembea kuelekea Bodo. Magari hayapiti sana kule. Mchanga ulikuwa umeweka kila kitu.

Kulikuwa na alama za magurudumu ya Pijo zikienda na zikirudi. Nyuma yake, kati ya magurudumu na kando, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu.

Wanawake wa Bodo hujuana kwa nyayo. Wanapokwenda kutafuta chaza na kombe kwenye mikoko, maji yakitoka, hufuatana mmoja nyuma ya mwingine, na wa nyuma hukanyaga palepale alipokanyaga wa mbele ili asizame. Mtu akifuata mguu wa mwenzake miaka mitano, anaujua kuliko uso. Bibi Mwanaima alikuwa amekwenda chazani tangu akiwa na miaka sita.

Aliinama akasoma, kwa kidole, bila kuruka. Walikuwa kumi na mmoja. Huyu alikuwa Bi Mkasi, aliyefariki mwaka wa sabini na sita, mguu mpana kama jani la mkungu. Huyu alikuwa mke wa kwanza wa mwalimu wa madrasa. Hawa wawili walikuwa mtu na mdogo wake, waliofariki wakipishana miaka tisa na sasa wakienda sambamba, hatua kwa hatua. Nyayo sita kati ya hizo zilizama zaidi visiginoni, kama za mtu aliyebeba kitu mbele. Bibi Mwanaima alizijua hizo ni za nani pia. Ni wale waliozikwa kabla hawajatenganishwa na watoto wao.

Upande wa kulia, karibu kabisa na mahali mlango wa nyuma ulipokuwa, palikuwa na mguu mwembamba ambao kidole kidogo cha kushoto kimepanda juu ya mwenzake. Bibi Mwanaima alikuwa amekinyoosha kidole kile kwa mafuta ya nazi kila jioni kwa miaka miwili, mtoto akiwa mchanga, na hakikunyooka. Alisimama pale mpaka jua likampata kisogoni. Hakulia. Alikuwa na mshangao mkubwa na mtamu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba aliyodhani imehamwa, akasikia "karibu". Miaka saba alikuwa akimwombea Mwanasha apumzike. Kumbe Mwanasha alikuwa karibu, anangoja kuitwa kwenye kazi.

Kisha akafika kwenye matumbawe. Juu ya mawe hakukuwa na nyayo, kulikuwa na matone ya damu iliyokauka. Aliyahesabu mpaka yakamshinda.

Nyumbani alikuta Pijo imesimama mahali pake na kuku juu ya mayai. Hakuna aliyeuliza nani alishika usukani wakati wa kurudi. Bibi Mwanaima alichukua ungo, akarudi barabarani na kuufunika mguu ule mmoja, upepo usiufute. Jioni wanawake wa kijiji walikuwa wamekwenda wote. Kila mmoja alimtambua wake. Mmoja alileta maji ya kunywa kwenye kata, akayamimina kando ya nyayo za mama yake. Mwingine alisema tu, "Umekonda, dada," akaenda zake kupika.

Tobias alikuja Jumamosi kuchukua baiskeli yake. Bibi Mwanaima alimpeleka barabarani.

"Huyu wa kumi ni mkeo."

Tobias alitazama. Kwake mguu ulikuwa mguu. "Umejuaje, mama?"

"Alikuja nasi chazani mara mbili. Anatangulia kukanyaga kwa kisigino, kama mtu asiyeliamini tope."

Tobias akachuchumaa kama alivyochuchumaa mbele ya gari.  "Ni kweli," alisema. "Immaculate alikuwa haamini. Hata ngazi alikuwa anaipima kwanza." Akaweka kiganja chake ndani ya unyayo ule, kikaenea.

Katika wiki tatu Pijo iliwapeleka wanawake wanne, na wote wakarudi na watoto. Habari zikafika ofisini. Wakaja maofisa wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana, na utepe wa kupimia. Yule kijana alivua viatu vyake kabla ya kuingia barabarani, asije akakanyaga nyayo za mtu. Yule mtu mzima alifungua boneti, akaona hakuna injini, akaandika. Aliuliza maswali kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Huduma hii ipo kila siku?"

"Marahaba. Ipo akipatikana mwenye uchungu."

"Inatumia mafuta?"

"Haitumii."

"Hawa wasukumaji wamewahi kudai malipo?"

"Hawajadai."

Akaandika: Gharama, hakuna.

"Baba," alisema Bibi Mwanaima, "wale ni watu waliokufa kwa kukosa gari la wagonjwa. Ndio hao mnaowapima miguu. Wanachukua saa tatu, na pale mbele ni mawe. Nataka wapumzike. Andika na hilo."

Ofisa alisema ataliandika. Pengine aliliandika. Barua ilikuja mwezi wa Oktoba, yenye muhuri. Bibi Mwanaima aliisoma kibarazani kwa kidole. Ilisema kwamba kwa kuwa kijiji cha Bodo kina usafiri unaofanya kazi, usiotumia mafuta wala kuhitaji dereva wa kudumu, kimeondolewa kwenye orodha, na gari la wagonjwa litakwenda penye uhitaji zaidi. Iliwapongeza wanakijiji kwa moyo wa kujitegemea. Aliisoma mara mbili, akaikunja na kuiweka chini ya kopo la mchango.

Tobias naye alirudi kutoka Mombasa na habari zake. Ile injini ya 504 ilikuwa imeuzwa. Iliyokuwepo ilikuwa elfu thelathini na nne. Alifungua daftari, akakata ishirini na nane, akaandika thelathini na nne, akajumlisha upya. Jumla ikawa elfu arobaini na tano.

"Tutaendelea kuchanga," alisema Bibi Mwanaima. "Lakini ule mstari wa chini upo?"

"Upi?"

"Wa kitu ambacho hatujakijua."

"Upo. Elfu tatu na mia sita."

"Sasa tumekijua. Andika ndara. Jozi kumi na moja."

Tobias akaandika. Walikwenda pamoja barabarani, na Bibi Mwanaima akapima kila mguu kwa ubua wa mtama, akiukata ubua mmoja mmoja kwa kisu cha jikoni. Tobias akapeleka zile bua kumi na moja sokoni Ukunda. Muuza viatu alizipanga mezani, akatafuta ndara za mpira zinazolingana na kila moja, shilingi sabini jozi. Aliposikia ni za akina nani, aliongeza sabuni ya kipande, akasema ni ya miguu, wakifika. Zile za Immaculate Tobias alichagua mwenyewe, za buluu. Zile za Mwanasha zilikuwa nyekundu.

Zikapangwa nyuma ya Pijo, vidole vikielekea barabarani. Safari iliyofuata, mchanga uliandika mistari ya ndara za mpira, safi kama chapa ya muhuri. Kwenye matumbawe hapakuwa na damu. Bibi Mwanaima alifuata mistari ile hadi njia panda na kurudi, amebeba mjukuu mgongoni, akimwonyesha: hapa shangazi yako amepita, na hapa tena. Ndara ziliporudi alizikuta zimekung'utwa mchanga na kupangwa kama zilivyokuwa. Alizigusa kwa ndani. Zilikuwa na joto.

Mwishoni mwa Novemba, siku ya Jumatatu, Pijo iliondoka asubuhi na mwanamke wa mtaa wa juu. Saa nne akaletwa kwa mtumbwi msichana wa miaka kumi na tisa kutoka kisiwa cha ng'ambo, jina lake Mejumaa, mja mzito, akivuja damu. Bibi Mwanaima alimlaza kwenye mkeka mahali Pijo inaposimama. Mtu alitumwa barabara kuu kusimamisha gari, na hakupata. Saa tisa Pijo ilirudi, mbio kuliko ilivyowahi kurudi, boneti ikirukaruka. Haikungoja. Mejumaa aliingizwa, Bibi Mwanaima akashika mkono wake, na pumzi zile zikaanza tena, nzito za watu waliokwisha kwenda saa tatu na kurudi saa tatu. Walijitahidi. Karibu na matumbawe ule mkono ukalegea.

Gari lilisimama lenyewe. Bibi Mwanaima alisikia kimya cha watu kumi na mmoja waliokoma kupumua kwa pamoja. Kisha likageuzwa, polepole sana, kama mtu anavyogeuza mtoto aliyelala, likarudi Bodo.

Siku tisa baadaye Pijo ilimpeleka mwanamke mwingine, naye akafika salama. Tobias alikuwepo Bodo siku ya pili yake, ameleta klachi aliyoipata kwa bei nzuri. Alimkuta Bibi Mwanaima ameinama barabarani, ubua wa mtama mkononi. Kati ya mistari ya ndara kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, ndogo, zilizozama visiginoni. Hazikuwa zimezoea. Mahali pengine zilikuwa zimeteleza, na pembeni yake mstari wa ndara nyekundu ulikuwa umesogea karibu ili kumshika.

"Toa daftari," alisema Bibi Mwanaima.

Tobias akalitoa, akafungua ukurasa wa injini, akateremka hadi chini.

"Jozi moja," alisema yeye mwenyewe, akiandika. "Namba ngapi, mama?"

Bibi Mwanaima akaulaza ubua juu ya mchanga, akaukata.

"Tano," alisema. "Alikuwa bado anakua."